Sekunde Tatu za Mita Mia

Usiku wa kuamkia leo mimi, Elihuruma Mlay, mwanadamu mwenye kasi kuliko wote walio hai, niliota.

Wastani wangu wa mita mia ni sekunde tatu. Umebandikwa ubaoni, na muhuri juu. Ni kweli nilikimbia mara moja tu, kwa sekunde kumi na nane, nikatapika. Lakini Mwalimu Assey wa michezo aliniagiza mimi, mtaalamu wa kompyuta wa kidato cha tatu, nitafute wastani wa kila mtu, na jedwali la programu yangu lilikataa mistari isiyolingana kwa idadi ya namba. Nashoni alikuwa na mbio sita. Mimi moja. Nikajijazia sifuri tano. Kwa hiyo leo basi la mashindano ya mkoa litanibeba mimi, na Nashoni, anayelala kitanda kilicho chini ya changu, atabaki.

Ndotoni nimesimama uwanjani. Jedwali limevaa tai ya kiranja.

"Mistari ilingane!"

Nyuma yangu wamejipanga viumbe watano wa mviringo. Hawana macho. Ni midomo mitupu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ninyi ni akina nani?"

"Sisi ni mbio ambazo hukukimbia."

"Poleni."

"Pole ni yako. Leo unatukimbia, kila mmoja kwa sekunde sifuri."

"Nitafikaje?"

"Kabla ya kuondoka."

Nakimbia. Uwanja umekuwa bweni. Jedwali linanifuata likipuliza filimbi. Tranka langu linafunua kifuniko, kama mtu anayepiga miayo.

"Mjinga wewe. Mimi nimebeba soksi moja na bisi za mwezi uliopita. Jirani yangu kajaa mpaka bawaba zinalia. Tumepangwa mstari mmoja, lakini kuna aliyetujaza mawe ili tulingane? Ungempa kila mtu tranka lake, humo aweke mbio zake, ziwe sita, iwe moja."

"Kwani programu inaruhusu?"

"Inaruhusu. Ulijua tangu Jumanne."

Nikalifunga kifuniko. Sipendi kubishana na bati.

Nikatazama kitanda cha Nashoni. Godoro limekunjwa, jina limefutwa ukutani. Sifuri wa kwanza akanishika kisigino, wa pili akanimeza hadi kiunoni. Nikaanguka kwenye mstari wa chokaa wa kumalizia, nikapiga yowe.

"Amka, radi ya shule!" Nashoni alikuwa ananitikisa, asubuhi imeshapambazuka. Mkononi ameshika viatu vyake vya mbio, vya misumari. "Basi linakusubiri. Vaa hivi. Ukiviharibu nakuua."

"Unanipa mimi?"

"Kompyuta imesema. Mimi nani nibishe?" Akainama. "We Mlay, mbona nyayo zako nyeupe? Umekanyaga wapi chokaa?"

Tulichungulia dirishani. Mwalimu Assey ndiyo kwanza anafungua mfuko wa chokaa. Uwanja mzima ulikuwa majani matupu, hauna mstari hata mmoja.

"Nashoni," nikasema, "vaa viatu vyako. Mimi nilikimbia siku moja tu. Siku zile tano nilizojijazia sifuri nilikuwa nyuma ya jiko, nakula ukoko."