Meza Iliyogeuka Kitanda

Hohepa alichomoa pini mbili za chuma, akabonyeza kwa kiganja, na meza yetu ya chakula ikashuka polepole, kama mzee anayejikalisha kwenye beseni la maji ya moto, mpaka ikalingana na viti vya pande zote mbili. Akaitandikia godoro. Akaweka mito, akaipigapiga.

"Haya," akasema bila kunitazama. "Mchana tunakula, usiku tunalala. Palepale."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gari na sufuria mkononi, kwa kuwa nilikuja kupima kama itaingia kabatini. Nikaiangalia ile meza yenye godoro. Nikamwangalia mume wangu, mtu aliyelelewa na bibi yake mpaka akang'oka meno ya utotoni. Sikusema neno. Wanaonijua watakwambia hiyo ni dalili mbaya.

Kwetu sisi Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa hivi, meza ni ya chakula, na chakula hakikai pamoja na makalio. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kutembea, kama anavyojua kwamba mto wa kichwa haukaliwi, kofia haiwekwi mezani, na kitambaa cha kufutia sahani hakifuliwi pamoja na chupi za babu. Mimi mwenyewe nilikalia meza mara moja tu maishani. Bibi yangu alikuwa ng'ambo ya chumba, ana mguu mbovu, na mpaka leo sijui alinifikiaje.

Kwa hiyo nilirudi ndani na sufuria yangu, nikaketi kwenye kiti, nikafikiri. Shule niliiacha mapema kwenda kumenya viazi vitamu vya watu, lakini kufikiri hawakunikataza.

Mambo yalianza kiangazi, miti ya pohutukawa ikiwa imemaliza kumwaga nyuzi nyekundu za maua yake barabarani. Simu ililia, Hohepa akaipokea. Alikuwa binamu yake Te Paea, anayeishi kule kwao, pwani ya mashariki, ng'ambo ya Opotiki, ambako barabara hujikunja mpaka unauona mgongo wako mwenyewe. Nilimsikia Hohepa akisema "ndiyo, ndiyo, bila shaka" kwa sauti kubwa sana, kisha akairudisha simu mahali pake taratibu mno, kama aliyeweka yai.

"Nyumba ya ukoo imetengenezwa," akaniambia. "Paa jipya, nakshi zote zimesafishwa. Wanaifungua Pasaka. Tumealikwa."

"Tutaenda?"

"Tutaenda. Tena nitanunua gari, niligeuze la kulala. Tutazunguka taratibu, tulale tunapotaka."

Mwenzangu, nilicheka peke yangu jikoni. Ndoa yetu ilikuwa imezeeka, na safari zetu zote zilikuwa za kuzika watu. Tunapigiwa simu, tunapakia magodoro, tunaendesha mpaka macho yanawasha, tunalia, tunaosha vyombo vya watu mia, tunarudi. Sikuwahi kusimama kando ya ziwa kwa sababu tu ziwa lipo. Nilitaka kunywa chai pale ziwani Taupo nikiwa nimevaa ndala, na asiwe amekufa mtu.

Akanunua gari kuukuu la kusambazia mikate, refu, na rangi imechubuka ubavuni. Ukilifungua siku ya jua lilikuwa bado linanukia mikate, ukaona njaa bila sababu. Hohepa alikuwa amestaafu kiwanda cha kuundia magari hapa Porirua. Maisha yake yote alifunga milango ya magari ambayo watu wengine walikwenda nayo mbali. Sasa alipata la kwake, na alilishughulikia kama mtu anayemtengenezea bibi harusi nywele. Alitoboa madirisha mapya ubavuni. Aliweka sinki dogo, na chini yake dumu la maji na pampu ya kukanyaga kwa mguu. Mtungi wa gesi aliujengea kisanduku chake. Kila kabati lilipata komeo ili sahani zisituangukie kwenye kona. Mimi nilishona mapazia kwa kitambaa cha manjano, nikapanga kikaango, unga wa mikate ya kukaanga, kopo la chai, na kisu cha kufungulia kome.

Ila gari halikuisha. Wiki hii lilikuwa tayari, wiki ijayo komeo moja linalia. Akapiga msasa mpini wa kabati, akaupaka vanishi, akasema vanishi haikushika, akapiga msasa tena. Majani ya jirani yalianza kugeuka rangi. Nilidhani ni ufundi. Nilijisifu hata kanisani kwamba mume wangu hana haraka.

Mpaka siku ya meza.

Mtu aliyelelewa na bibi wa Kimaori hajengi kitanda cha meza kwa kusahau. Angesahau kwanza jina lake. Anakijenga kwa kuwa anamjua mkewe: anajua ataweka mkono kiunoni na kusema hakanyagi humo, na safari itavunjika, na itakuwa mkewe ndiye aliyeivunja. Wote watamhurumia yeye. Alitaka nimkatalie.

Nikampigia simu Te Paea.

"Hebu niambie, mdogo wangu, ulimwambia nini huyu mtu kiangazi?"

"Kwani hajakwambia?" Te Paea hakuwahi kuficha jambo, ni mwanamke wa maana. "Ndiye mkubwa wa wanaume wetu sasa, dada. Wote wa mbele yake wameisha. Nilimwambia wageni watakaotoka mijini wataingia nyuma yake, na yeye ndiye atakayesimama kujibu hotuba za wenyeji."

Nikakata simu, nikakaa na kipokezi mapajani.

Hohepa hakuwa na lugha. Baba yake alimchukua kutoka kwa bibi akamleta mjini, akasema Kimaori hakimlipi mtu mshahara, na hakutaka kukisikia nyumbani. Mimi ninacho, sikukipata kwa juhudi, nilizaliwa humo. Nilikuwa nakisema na kuku wangu na nikiwa nimekasirika. Miaka yote hiyo Hohepa alisikiliza tu, akatabasamu mahali pa kutabasamu. Na kwetu mwanamume hasimami mbele ya nyumba ya mababu zake akaisalimia kwa Kiingereza. Anaweza, hakuna atakayemrushia kiatu. Ila watu watatazama chini kwa ajili yake, na kiatu kina nafuu.

Siku iliyofuata akaenda kujaza mtungi wa gesi. Nikachukua bisibisi. Skrubu zake zilikaza vizuri, nampa sifa yake, mpaka nikazitukana kwa lugha zote mbili. Niliing'oa ile meza, nikaikokota uani, nikaiingiza bandani. Kuku wakaipanda mara moja. Kuku hawana mila.

Aliporudi alisimama ndani ya gari kwa muda mrefu. Nilikuwa nimekaa kwenye kidaraja cha mlango, namenya viazi.

"Meza iko wapi?"

"Kwa kuku."

"Na sisi tutakula wapi?"

"Mapajani. Nje, kama watu. Ulikulia kwenye meza gani wewe, ya Malkia?"

Akashuka, akakaa karibu yangu. Kidaraja kilikuwa chembamba, na hakuna kati yetu aliyekuwa mwembamba. Akaokota ganda la kiazi, akalizungusha vidoleni.

"Te Paea kakwambia."

"Te Paea huniambia hata yasiyonihusu."

Akalikunja ganda mara mbili. Kisha akasema, "Sina maneno, bibi. Ninayo ya kuomba chumvi na ya kufukuza mbwa."

"Wapo wanaosimama pale kila mwaka na hayohayo, na wanapigiwa makofi."

Hakucheka. Niliona analichana lile ganda vipande vidogo vidogo, nikaacha mzaha. Wakati mwingine huwa naacha.

"Sikiliza, mzee. Ukimaliza kusema, nani anasimama nyuma yako kuimba?"

"Wewe."

"Na wimbo ukishaanza, kuna anayeendelea kuhutubia?"

Hilo alilijua. Kila mtu kwetu amewahi kumwona mzee anayechosha akikatizwa na wanawake, wamenyanyuka na wimbo katikati ya sentensi yake, naye hana la kufanya ila kukaa. Hata askofu hukaa.

"Basi," nikasema. "Ukikwama, mimi naanza. Watadhani ulikuwa umemaliza. Watasema, mtu wa Porirua ana maneno machache, kumbe ana busara."

"Na nisipokwama?"

"Nitaimba ukianza kunichosha. Nina uzoefu."

Hapo ndipo alipocheka, kidogo, kupitia puani.

Kuanzia hapo, kila asubuhi baada ya chai, tulipanda garini, yeye kwenye usukani na mimi kando yake, tukiangalia ukuta wa maua wa jirani. Injini haikuwashwa. Nikamfundisha. Kwanza unaisalimia nyumba, kwa maana nayo ni mtu. Kisha wafu, uwaombe walale. Kisha walio hai. Alikuwa mwanafunzi mgumu, ulimi umezoea kukaa, lakini alilishika neno kama alivyokuwa akishika mlango wa gari kiwandani: anauinua, anautafutia bawaba zake, hauachii mpaka asikie umeingia. Maneno mengine yalitoka yenyewe, na lafudhi ya kizee, na akashtuka kama aliyesikia mtu yuko kiti cha nyuma.

Jirani yetu Sefo, Msamoa mwenye sauti ya kwaya, alikuwa akimwagilia maua yake na kutuchungulia.

"Mmefika wapi leo?" akauliza.

"Levin," nikamjibu.

Wiki iliyofuata akauliza tena.

"Taupo. Kuna baridi."

"Mnalipa mafuta kiasi gani?"

"Mzee anaendeshea mdomo."

Siku tuliyoondoka kweli, Hohepa alipowasha injini, Sefo aliangusha mpira wa maji akatupigia saluti. Makomeo hayakulia. Taupo nilikunywa chai nikiwa na ndala, ziwa likiwa pale bila sababu yoyote, na kikombe changu nikakiegemeza kwenye goti. Meza ilinipungukia mara moja tu, nilipokata mkate. Usiku tulilala juu ya mbao tupu alizozipanga mahali pa ile meza, mbao zisizowahi kuona sahani, na Hohepa akakoroma kwa lugha isiyo na taifa.

Baada ya Opotiki akaacha kuzungumza. Kwenye kila kona nilimwona anasogeza midomo.

Basi tukafika, tukasimama langoni pamoja na wengine wa mijini. Mwanamke wa wenyeji akatuita kwa ile sauti ndefu inayoinua nywele za mikono, nami nikamjibu, tukaingia polepole, Hohepa mbele, kofia mkononi. Nyumba ilikuwa pale na paa lake jipya. Wazee wao wakasimama mmoja mmoja, wakasema vizuri, wakakaa. Kisha uwanja mzima ukatugeukia sisi.

Hohepa akasimama.

Aliisalimia nyumba. Ikatoka sawasawa, kama tulivyoifanya mbele ya maua ya Sefo. Akaanza kuwaita wafu. Alikuwa katikati yao, anakwenda vizuri, alipoinua macho akaona picha ya bibi yake, wameitundika barazani pamoja na za wengine, amevaa shali, na kidevu chake chenye chale.

Akakwama.

Nilishavuta pumzi. Wimbo ulikuwa umefika hapa kooni, mguu nimekwisha kuutanguliza. Te Paea upande wa pili alinitazama, kwa kuwa alijua zamu yangu. Mtoto mmoja akakohoa. Kuku fulani alilia nyuma ya jikoni. Mgongo wa Hohepa ulikuwa mbele yangu, koti limekaza mabegani, na nikaona mabega hayashuki. Mtu aliyeshindwa mabega yake hushuka. Nimeishi na yale mabega.

Nikaufunga mdomo wangu, jambo ambalo silifanyi mara nyingi.

Alikaa kimya mpaka nikaanza kuhisi macho ya watu usoni kwangu. Kisha akasema, kwa lugha yetu, neno ambalo sikumfundisha mimi, jina la kitoto alilokuwa akimwitia yule bibi. Na baada yake: "Nimechelewa kurudi nyumbani."

Wazee upande wa wenyeji wakaitikia kwa pamoja, chini chini.

Akawasalimu walio hai kwa maneno mafupi. Akageuka kidogo, ndipo nikaimba, na wengine wakaingia.

Baadaye tulikaa kwenye meza ndefu za ukumbi wa chakula, kila mtu anampitishia mwenzake nyama na mboga na mikate. Hohepa alitafuta mahali pa kuweka kofia yake, akaiangalia meza, akaiweka gotini.

"Bibi," akaninong'oneza. "Nilikwama pale. Mbona hukuimba?"

"Nilisahau wimbo unaanzaje."

Wimbo ule niliufahamu kabla sijaota meno, na yeye anajua. Akanisogezea siagi.