Kelele Hazitamsumbua

Barua ile ya kuombea kazi Mwalimu Felicitas aliiandika mwenyewe, na aliipenda. Iliwataja wazazi wa Arwa, mwanafunzi wake, ikataja umri wake wa miaka kumi na saba, ikamsifu kwa uchapakazi na uaminifu, kisha ikamalizia: "Kwa kuwa ni kiziwi, kelele za mitambo hazitamsumbua." Sentensi hiyo alikuja kuiongeza baada ya waajiri kumi na mmoja kumwambia atapigiwa simu, na simu isipigwe. Mtu ukikataliwa mara kumi na moja unaanza kuuza hata usichokijua.

Karakana moja ya kusaga plastiki kule Kipawa ikajibu siku ileile. Haraka ile ingemtia shaka mtu mwingine. Felicitas alipiga magoti akamshukuru Mungu.

Miaka miwili alikuwa akimbembeleza Wahiba, mama yake Arwa. Kwanza amruhusu binti aje chuoni Boko kujifunza lugha ya alama na kazi za mikono, kisha amruhusu aajiriwe.

"Mwanangu hakosi chakula," Wahiba alisema. "Duka la baba yake lipo. Kwa nini akahangaike kwa watu?"

"Dukani anakaa nyuma ya pazia, Mama Arwa. Wateja wakija anaambiwa aingie ndani."

Wahiba aliinamisha macho, maana ilikuwa kweli na iliuma. Karakana ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwao, basi akakubali, shingo upande. "Yakimkuta ya kumkuta, Mwalimu, nitakuuliza wewe. Wallahi nitakuuliza wewe."

"Niachie mimi," Felicitas alisema.

Mwezi ukapita. Picha zilikuja kwenye simu: Arwa na ovaroli ya bluu, Arwa anacheka, Arwa kasimama juu ya viroba kama mwenye mali. Felicitas alizionyesha kwa kila aliyepita ofisini. Alhamisi moja asubuhi akatoka Boko kwenda kumtazama kazini, kama anavyowafuatilia wanafunzi wake wote.

Getini alimkuta mwanamke anakaanga chapati, jina lake Rosalia. Akanunua moja, wakasalimiana, na Rosalia akamkagua toka kichwani hadi viatuni.

"Wewe ndo mwalimu wa yule binti asiyesikia?"

"Ndiye mimi."

"Mzuri. Ananiamkiaga kila siku kwa mikono." Aligeuza chapati. "Ni wa tatu huyo tokea mwaka jana. Wote hawasikii."

"Wawili wa mwanzo wako wapi?"

"Mie nauza chapati tu, dada yangu," Rosalia alisema, na hakumtazama tena.

Ndani lilikuwa banda la mabati lisilo na dirisha, joto la kumpika mtu, na taa zinawaka saa tatu asubuhi. Mashine ilikuwa mwisho kabisa, pipa kubwa la chuma lenye visu vinavyozunguka, na Arwa peke yake mbele yake akiilisha ndoo na vidumu vilivyovunjika. Wanaume wanne walikuwa wakichambua plastiki, lakini wameburuta kazi yao yote hadi mlangoni, ingawa marundo yenyewe yalikuwa ndani. Felicitas aliliona hilo, hakujua sababu.

Msimamizi, Adelard, alimpokea kwa bashasha. "Karibu, Mwalimu! Karibu uone mtoto wako anavyopiga mzigo."

Hakuwa amemaliza kusema. Mlio wa mashine ulibadilika, ukaanza kugonga: ko, ko, ko. Wanaume wanne walikurupuka kwa pamoja, mmoja akatoka nje bila kandambili. Kisha mlio ukatulia, wakarudi wakichekana, wakakaa palepale. Arwa hakuwa hata amegeuka.

"Nini kile?" Felicitas aliuliza.

"Kisu kinalegea. Ishu ndogo tu. Fundi anakuja Jumamosi."

"Na hawa mbona wanakimbia?"

"Waoga." Adelard alicheka. "Nikimweka anayesikia pale, siku mbili kaacha kazi. Wako hana habari, anasaga mpaka jioni. Si uliandika mwenyewe kwenye barua? Kelele hazitamsumbua."

Alilisema bila ubaya wowote, kama anayemshukuru. Felicitas aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Hapo angemshika Arwa mkono wakaondoka, na mambo yangeishia hapo, na leo angekuwa na amani. Badala yake alingoja muda wa chai, ili asimwaibishe binti mbele ya watu.

Wakakaa nje ya banda, wakazungumza kwa mikono.

"Mashine ni mbovu," Felicitas alisema. "Inagonga. Wenzako wanakimbia."

"Najua. Naihisi miguuni."

"Mbona hukuniambia?"

Arwa alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ulitufundisha tusilalamike kazini. Ulisema watatuita wasumbufu, na wenzetu wanaokuja nyuma watakosa nafasi."

Ni kweli alilifundisha hilo, tena kila muhula, na aliliona la busara.

"Tuondoke sasa hivi."

"Nikirudi nyumbani leo sitatoka tena," Arwa alisema. Mikono yake ilikwenda kasi, uso umekunjamana. "Unamjua Mama. Atafurahi, atanipikia biriani, kisha atanirudisha nyuma ya pazia mpaka nizeeke. Hapa nina kazi, mwalimu. Yangu."

Maneno hayo yalikuwa ya Felicitas mwenyewe, aliyomwambia Wahiba kwa miaka miwili. Wakapatana: Arwa amalize kiroba alichokianza, aage vizuri, kisha asirudi mpaka fundi awe ametengeneza. Kiroba kimoja. Felicitas akaomba kiti, akakaa mlangoni pamoja na wale wanaume, chini ya swichi kubwa ya banda.

Haikuchukua robo saa. Mashine iligonga mara moja, kwa nguvu iliyotikisa mabati, kisha ikagonga mfululizo, na wanaume wote wanne wakawa nje kabla Felicitas hajasimama. Adelard naye alikuwa nje. Arwa alikuwa amewapa mgongo, ameinama.

"Arwa!" Felicitas alipiga kelele. Miaka kumi na tano anafundisha viziwi, na bado aliita.

Akaitazama swichi. Darasani Boko, mwalimu akitaka watoto wote wamtazame, huzima taa. Taa ikizimika, kila mmoja huacha anachofanya, husimama palepale alipo na kumgeukia mwalimu, akingoja maelekezo. Ndiyo sheria ya kwanza wanayojifunza, na Felicitas huisimamia kwa ukali. Hakufikiri zaidi ya hapo. Akaivuta swichi chini.

Taa zilizimika na mota ikakatika, lakini pipa liliendelea kuzunguka kwa nguvu zake. Kwa mwanga hafifu wa mlangoni Felicitas aliona jambo ambalo hakulitarajia. Arwa alikuwa ameshakitupa kiroba. Alikuwa ameshageuka na kupiga hatua moja kuja mlangoni, kwa kuwa miguu yake ilikuwa imemwambia mapema. Giza lilipoingia, akasimama. Akanyooka kando ya pipa, uso kwa mwalimu, akingoja.

"Toka! Toka!" Felicitas alisema kwa mikono yote miwili, lakini mwanga ulikuwa mgongoni mwake, na kutoka kwenye pipa mikono hiyo haikuonekana.

Kisu kilitoka kupitia ubavu wa pipa.

Jioni, hospitalini, madaktari walisema binti ataishi. Mkono wa kulia hawakuweza kuuokoa. Adelard alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akamwambia Wahiba kwamba ni ajali, kwamba msichana hakusikia, na kwamba kusema ukweli watu wa namna hii hawafai kwenye mashine. Alipoondoka, Wahiba hakulia. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Niulizie," alimwambia Felicitas. Yeye na mwanawe walikuwa na ishara chache tu za nyumbani, za chakula na usingizi. "Muulize kama hakuhisi kitu. Niambie anavyosema, usinifiche."

Felicitas akauliza. Arwa alifumbua macho. Akajibu kwa mkono wa kushoto, polepole, kila neno likitoka nusu, akilirudia. Chumba kizima hakikuwa na mtu mwingine wa kuyaelewa. Felicitas angeweza kusema lolote, na lingeaminiwa.

"Anasema nini?" Wahiba aliuliza.

Felicitas alimgeukia.

"Anasema alihisi. Alikuwa anatoka. Anasema mwalimu alizima taa, naye akasimama, kama alivyofundishwa."

Arwa bado alikuwa akimtazama, kidole cha kushoto kikiendelea.

"Na hilo la mwisho?" Wahiba aliuliza.

"Ananiuliza nilitaka kumwambia nini."