Kesi ya Kiuno cha Hakimu

Mtaani walimwita Hakimu, ingawa alistaafu akiwa karani wa mahakama, mtu wa kuita majina mlangoni na kufunga majalada. Kazi aliiacha, lakini kuhukumu hakukumwacha yeye. Na kwa kuwa kiuno kilimsumbua miaka nenda miaka rudi, leo kimetulia, kesho kimelipuka, kila kilipolipuka alitafuta mshitakiwa.

Mshitakiwa wa kwanza alikuwa godoro. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na godoro likaenda stoo. Likafuata kochi, likapewa jirani. Baiskeli ikauzwa. Viatu vya kahawia, ambavyo kosa lao lilikuwa kuvaliwa siku mbaya, vikatupwa. Kiuno kikabaki vilevile, na sebule ikabaki na nafasi ya kuchezea mpira.

Mkewe, fundi cherehani, alitazama hayo yote huku akishona. "Mume wangu, ikifika zamu yangu niambie mapema nifungashe."

"Wewe bado unachunguzwa."

Zamu ikafika kwa mjukuu. Kila asubuhi binti yao, keshia wa duka la vifaa vya ujenzi, alimwacha mwanawe hapo akienda kazini. Mtoto alikuwa na miaka miwili na mashavu ya kutosha watoto wawili, wakamwita Kibonge. Desturi yake ilikuwa moja: ananyoosha mikono, babu anamwinua dirishani, anampungia mama yake. Asubuhi hiyo, Hakimu alipomwinua, kiuno kilimbana kama koleo. Akamshusha, akashika fremu ya dirisha, jasho likamtoka.

"Ni huyu," akasema alipopata pumzi.

"Nani?" mkewe akauliza.

"Kibonge. Kuanzia leo asibebwe."

Binti alisikia yote pale nje. "Basi baba, sitaki kukutesa. Jumatatu nitampeleka kwa bibi yake mwingine."

Bibi mwingine alikaa ng'ambo ya mji. Huko mtoto akienda, kumwona ni mpaka sikukuu. Hakimu akaondoka dirishani. Kutwa nzima Kibonge alimjia, akanyoosha mikono, akangoja, akaishusha. Babu akatazama dari.

Jioni mkewe alizima cherehani. "Kesho twende kliniki kwa yule mama wa mazoezi ya viungo. Kama unataka rufaa, iko huko."

"Wewe unaona jambo dogo."

"Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini huu tunaubeba wote, mzee."

Mama wa mazoezi alikuwa mtu wa kucheka, mwenye viatu vya mpira na mikono yenye nguvu. Alimwinamisha, akampiga magoti kwa kinyundo, akauliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo bado unamtii. Hakimu akajibu kuwa nyumbani kwake unaomtii ni huo tu.

"Vizuri. Sasa siku chache kabla ya maumivu, ulifanya nini?"

"Nilikuwa mzima kabisa."

"Ndiyo tatizo," mkewe akadakia. "Akiwa mzima hashikiki. Alihamisha kabati, akapanda kuzibua mfereji wa paa, akafyeka nyasi mpaka za jirani. Usiku halali, anauwaza ukuta unaopitisha maji."

"Nilikuwa nafidia siku nilizolala."

Mama wa mazoezi akacheka mpaka akakaa. "Mzee, mgongo wako ni kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuibiwa. Siku hizi jani likianguka anabweka. Kubweka kwake si lazima mwizi ameingia. Wewe umemchosha, ukamnyima usingizi. Mtoto alikuta nyumba inawaka, ndiyo kwanza anabisha hodi."

"Kwa hiyo sikuvunja kitu?"

"Hujavunja kitu. Maumivu ni ya kweli, lakini yatapoa. Yakipanda usilale kutwa, utakakamaa. Tembea kidogo, pumzika kidogo, weka maji ya moto. Na siku njema usiile yote kwa mkupuo."

Hakimu alisita. Swali lililobaki lilikuwa kubwa kuliko mengine. "Na kumbeba?"

"Asimame juu ya kiti, umvute kifuani, ukunje magoti. Umshushe kabla hujachoka. Kesho utambeba tena."

Jumatatu kiuno kiliamka kabla yake. Hakimu akalaani kimyakimya, akajifunga chupa ya maji ya moto kwa kanga ya mkewe, akaanza kuzunguka ua polepole. Binti, aliyepita na mtoto kuaga, akamkuta hivyo. Mkobani alikuwa na nguo zote za mtoto.

"Baba, mbona unatembea hivyo? Si ulale?"

"Kinabweka tu. Mlete huyo, msimamishe juu ya kiti."

"Baba, taratibu."

Binti akamsimamisha Kibonge juu ya kiti, Hakimu akakunja magoti, akamvuta kifuani, akainuka. Kiuno kilisema neno. Hakimu alilisikiliza mpaka mwisho; halikuwa neno la kuangusha paa. Wakaenda dirishani, Kibonge akapungia barabara tupu kwa kuwa mama yake alikuwa nyuma yao, wakarudi, akashushwa.

"Tena," akasema Kibonge.

Zamani angemwinua mpaka wote wawili wakose pumzi. Mikono yake ilishaanza kunyooka. Akairudisha kiunoni.

"Baadaye, mjukuu wangu. Babu anapumzika akiwa bado mzima."

Binti alimtazama baba yake, akatazama saa, akautundika mkoba wa nguo kwenye msumari wa mlangoni.

"Nimechelewa kazini," akasema. "Nitampitia jioni."

Na Kibonge, ambaye habari za mapumziko hazikumwingia, alikuwa ameshapanda kiti mwenyewe, mikono juu, anangoja.