Sentensi ya Tatu

Jumamosi asubuhi Hafidha alimkuta dada yake Arafa uani kwake, Zinga, amekalia mbuzi anakuna nazi, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu ya mimba. Kabla ya kuketi alimwamkia mama mkwe wa dada yake, Bi Tatu, aliyekuwa akipepeta mchele kivulini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hawajambo huko Dunda?"

"Hawajambo, mama anawasalimu sana."

Alipokwisha kukaribishwa mkekani, Hafidha alisema neno alilojia.

"Kisima kipya cha Zinga sasa kinahudumia karibu kijiji kizima. Kilichimbwa mwaka jana na Bwana Mbaruku, mfanyabiashara na diwani mstaafu."

Baada ya hapo midomo yake iliendelea kucheza, lakini sauti haikutoka.

Arafa hakuacha kukuna. "Umekatika," alisema. "Hiyo ni ya kulipia."

"Ya Mnara?" aliuliza Bi Tatu. "Basi mwache apumzike. Mmiminie chai."

Hafidha aliliandikia *Mnara wa Pwani*, gazeti la Dar es Salaam ambalo siku hizi halichapwi tena, husomwa simuni tu. Tangu lilipojenga ukuta wake, asiyelipa hupewa sentensi mbili za mwanzo za kila habari, kisha maandishi hufifia na chini yake hutokea ombi la kumtaka ajiunge. Mwanzoni ukuta huo ulikaa kwenye simu. Baada ya Ramadhani ukahamia midomoni, kama mafua yanavyohama: habari ya Mnara ikisimuliwa na yeyote, mahali popote, asiyelipa husikia sentensi mbili, ya tatu haimfikii. Watu wa Zinga waliizoea hali hiyo upesi. Walikwisha zoea umeme unaokatika na barabara inayokatika, na habari inayokatika haikuwapotezea usingizi. Sentensi mbili zilitosha mtu kuonekana anafuatilia mambo ya nchi.

Hafidha mwenyewe hakuwa amejiunga. Gazeti halikuwapa kifurushi waandishi wake wa mikoani, kwa maelezo kwamba wao habari wanazijua tayari. Kwa hiyo hata yeye, akifika sentensi ya tatu, hakujisikia.

Sentensi hiyo ilisema kwamba maji ya kisima yana madini ya risasi. Ya nne ilieleza yametoka wapi: upande wa juu wa kisima palikuwa na yadi ambako betri chakavu za magari huyeyushwa, na yadi ilikuwa ya Bwana Mbaruku vilevile. Ya tano Hafidha aliipata kwa daktari mmoja, aliyemtajia taratibu ili asikosee. Risasi haiui haraka. Humwingia mtoto kidogo kidogo, aliye tumboni na aliyezaliwa, ikamdumaza akili, na akili iliyokwisha kudumaa hairudi.

Alijaribu kuandika mchangani kwa kijiti. Mchanga ukajisawazisha. Akajaribu kusema neno moja tu, "msinywe", lakini neno hilo lilikuwamo kwenye sentensi ya sita, nalo likazimika. Mwisho akainuka, akaiendea ndoo iliyokuwa karibu na mlango wa jiko, akaimwaga.

Bi Tatu aliyatazama maji yakizama ardhini.

"Maji yetu yamekukosea nini, mwanangu?"

Hafidha akajibu kwa kirefu. Bi Tatu alisubiri kwa adabu mpaka midomo ilipotulia, kisha akamwomba mkwewe akajaze ndoo nyingine, maana mgeni hana makosa.

Wiki iliyofuata Hafidha aliomba nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti, Maulidi, alimpa baada ya ajenda ya mbuzi wanaokula mihogo ya watu. Bwana Mbaruku alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti cha plastiki, na chupa ya maji ya dukani mapajani. Hafidha alisimama akasema yote, mwanzo hadi mwisho. Wanakijiji walisikia kwamba kisima kinahudumia karibu kijiji kizima na kwamba kimechimbwa na Bwana Mbaruku, wakapiga makofi. Yaliyobaki yalisikiwa na Mbaruku peke yake, kwa sababu alijiunga siku ileile habari ilipotoka. Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. Hafidha alipomaliza, alimwambia kwamba ameandika vizuri, Kiswahili safi, ila jina la ukoo la msimamizi wa yadi lina herufi iliyokosewa.

"Kuna mwenye swali?" aliuliza Maulidi.

Hapakuwa na mwenye swali. Mtu hawezi kuulizia asichokisikia. Mkutano ukahamia kwenye mchango wa choo cha shule.

Hafidha akaenda Dar es Salaam kwa mhariri wake, Ausi, mtu mpole mwenye mazoea ya kukusikiliza huku akijisomea chati kwenye kompyuta.

"Ifungue hii moja tu," alimwomba.

"Nikifungua hii, kesho nitafungua ya kipindupindu, keshokutwa ya mafuriko. Zenye maana zote zitakuwa bure, mimi nibaki nauza matokeo ya mpira. Utalipwa na nini?"

"Wanaokunywa yale maji hawana uwezo wa kulipia."

"Najua. Lakini kumbuka, tulipokuwa bure tuliishi kwa matangazo. Huko kwenu nani alikuwa mtangazaji wetu mkubwa?"

Hafidha alimjua. Alikuwa Mbaruku, na vifaa vyake vya ujenzi.

"Enzi zile habari yako ningeitupa," alisema Ausi. "Ukuta ndio uliokupa uhuru wa kuiandika."

Hilo lilikuwa kweli, na Hafidha aliliona baya kuliko uongo.

"Umenipa uhuru wa kumwandikia Mbaruku," alisema.

Ausi hakuudhika. Alimgeuzia kompyuta aone jinsi habari ile ilivyoleta wanachama wengi kupita zote tangu ukuta ujengwe. Walikuwa wenye hoteli za ufukweni, maofisa, wanasheria, na watu wa mjini wenye nyumba za mapumziko kati ya Kerege na Zinga. Walioisoma waliielewa vyema. Katika siku hizo lori la maji ya chupa lilianza kupita kwenye njia zao zenye maua, na madereva wake walisema biashara ya Zinga haijapata kuwa nzuri vile. Hakuna mwanachama aliyeona haja ya kumwambia mfanyakazi wake wa ndani, na hata angeona, asingesikika. Dhamiri zao zilipata kisingizio kilicholipiwa.

Hafidha akarudi kwa dada yake na simu ya kupangusa, kwa kuwa simu ya Arafa ilikuwa ya vitufe. Akamfungulia barua pepe, akamlipia. Kifurushi alichokimudu kilikuwa cha sikio moja. Arafa alichagua la kushoto, maana la kulia alikuwa akililalia.

Wakaketi chumbani, Arafa kitandani, Hafidha kwenye kigoda. Hafidha akaanza kusema. Alipovuka sentensi ya pili hakujisikia tena, akawa anaitazama habari yake kwenye uso wa dada yake. Aliiona ya tatu ikiingia, kisha ya nne. Kwenye ya tano Arafa aliweka mkono tumboni.

"Rudia hiyo ya watoto," alisema.

Hafidha akarudia.

"Na Dija?" aliuliza Arafa. Dija alikuwa binti yake wa miaka mitatu, wakati huo akicheza uani na bibi yake.

"Na Dija."

Toka siku hiyo Arafa alifuata maji kisima cha zamani, ng'ambo ya barabara kuu, akarudi na ndoo kichwani na mimba mbele, akajipikia yeye na mwanawe chungu cha peke yao. Jambo hilo halikupendeza. Mumewe, Khamis, ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba la kisima kipya, kazi aliyopewa na Bwana Mbaruku kwa heshima, na mke wa mshika ufunguo alikuwa akiyapita maji ya mumewe hadharani.

"Yana nini?" alimuuliza usiku chumbani.

Arafa akamweleza. Masharti ya kifurushi hayakuruhusu kumgawia mwingine, kwa hiyo Khamis aliona midomo tu, kama alivyoiona ya shemeji yake.

"Kama lina ukweli," alisema, "mbona halisemeki?"

Aliyesikika ni mwenye ukurasa wa *Pwani Motomoto*, ambao haukutoza mtu. Ukurasa huo uliandika kwamba maji ya kisima cha Mbaruku yana madini yanayotia nguvu mifupa, na kwamba kuna mwandishi wa kike anayetumiwa na wauza maji wenye wivu. Hapakuwa na ukuta wowote mbele ya maneno hayo. Yalisikika sokoni, vijiweni na kwenye foleni ya ndoo, na mzee Shuaibu, ambaye ni kiziwi tangu ujana, aliyasikia akiwa usingizini na kuyarudia asubuhi bila kukosea.

Uzazi ulipokaribia, Arafa alijiandaa kwenda kujifungulia kwao Dunda, kama ilivyo desturi. Alimvisha na Dija gauni la safari. Khamis akamshusha mtoto kwenye bodaboda.

"Mtoto wa kwetu atakunywa maji ya kwetu," alisema Bi Tatu, bila ukali, kama anayemkumbusha mtu adabu.

Arafa alisimama kando ya pikipiki muda mrefu. Aliye tumboni hakuweza kuachwa, aliye mikononi mwa baba yake hakuweza kuchukuliwa. Akapanda. Kule Dunda alijifungua mvulana mwenye afya njema, akampa jina la Mtoro, na kila alipomnyonyesha aligeukia ukutani ili watu wasimwone anavyolia.

Mnara hufungua habari zake zikishachakaa, kama muuza samaki anayegawa bure waliooza. Mwaka huo habari ya Hafidha ilimpatia Ausi tuzo, iliyotolewa hotelini kwa chakula cha usiku, na baada ya tuzo ikaonekana haiuziki tena. Ilifunguliwa asubuhi moja baada ya mvua za vuli, Arafa akiwa amerudi Zinga na mtoto mchanga, Hafidha amemsindikiza.

Maneno yalitoka palepale yalipokuwa yamesemewa. Kwenye uwanja wa mikutano sauti ya Hafidha ilisoma yote kuhusu yadi ya betri, na mbuzi waliokuwa pale waliendelea kula. Uani kwa Bi Tatu ilitokea karibu na mlango wa jiko, juu kidogo ya mahali ilipomwagwa ndoo, ikaeleza kuhusu wajawazito na watoto, ikafika mwisho, ikanyamaza. Chumbani sauti ya Arafa ikamjibu Khamis swali lake.

Walisikiliza wote. Dija naye aligeuka, ingawa siku hizo alichelewa kugeuka akiitwa.

"Hiyo ni ya lini?" aliuliza Bi Tatu.

"Kabla ya vuli," alisema Hafidha.

"Basi ni ya zamani." Bi Tatu akafikiri kidogo. Alionekana kuumia kweli. "Lakini wewe umekuja humu mara ngapi, mwanangu, umekaa mkekani petu. Mbona hukutuambia?"

Hafidha alipatazama mahali alipoimwaga ndoo. Arafa alimpakata mvulana kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamvuta Dija karibu.

Khamis alitazama jua, akaona limepanda. Akachukua ufunguo msumarini, akaenda kufungua bomba, maana wanawake walikwisha panga madumu.