Kadi ya Bima ya Baba

Zahanati ya chuo ilishafungwa jioni ile, na sikio la Kitindamimba, kama walivyomwita kwao, lilikuwa linawaka moto. Akajikokota hadi kliniki binafsi inayopokea wagonjwa hata usiku, akatoa kadi ya bima aliyoipata kupitia kazi ya baba yake.

Mpokezi akabofya, akakunja uso. "Dada, kadi imefungwa."

"Imefungwaje? Juzijuzi nimetibiwa hapahapa! Jaribu tena, mashine zenu nazo zina nongwa."

"Si mashine. Mwenye bima alifariki wiki iliyopita." Kisha akamtazama vizuri. "Jamani, ulikuwa hujui?"

Kitindamimba akakaa chini, akampigia mama yake. Nyumba ilisikika imejaa watu, kisha ghafla kimya, kama walionyamazishwa kwa mkono.

"Mama, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mwanangu. Mitihani unamaliza lini?"

"Keshokutwa."

"Basi soma tu, usiwaze ya huku. Baba yako anakusalimu."

Hapo akaelewa: walimficha ili asianguke mitihani. Akayameza machozi.

"Na yeye msalimie, mama. Mwambie mitihani si migumu."