Picha Iliyojaa Fremu

"Bi Sabra, bwana wako mbona umembandika mdogo kama stempu?"

Aliniuliza hivyo jirani yangu Asmahani, hapa Ngamiani, eda yangu imekwisha kiasi cha mwezi. Nikamweleza. Picha ile tuliipiga Idi ya mwaka wa foleni, sukari kwa kibali, nguo hakuna. Marehemu Masoud alipata doti moja tu ya kanga. Akaikata katikati, kipande changu, kipande cha mke mwenzangu Mastura, tukaenda watatu studio kwa Shaib. Karatasi naye hana. Akatusafishia kapicha kadogo, filamu akaihifadhi. Njiani Mastura alinichekesha: "Dada, huyu bwana ametuvisha sare kama watoto wa chuoni!"

"Sasa ni ruksa, vitu tele," akasema Asmahani. "Nenda akakukuzie."

Nikaenda. Shaib akaitoa filamu bahashani, akanionyesha fremu za dhahabu zilizotoka Mombasa, zote saizi moja.

"Fremu imesimama, picha imelala," akasema. "Nikiiweka nzima itabaki ndogo, weupe juu na chini. Nikiikuza ijae, wanaenea wawili tu. Mmoja wa pembeni anakatika. Nifanyeje, mama?"

Bwana alikuwa kati. Nilijua wa pembeni atakuwa nani.

"Ijae," nikasema.

Niliitundika ukuta wa nyuma, nisiielekee nikisali. Kila nikifagia namtazama Masoud na kofia yake ya kiua, moyo unatulia. Wallahi, kama yuko hai.

Siku moja adhuhuri Mastura akaja kutoka kwao Ushongo, kaniletea kikapu cha samaki wa ng'onda.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwenzangu. Karibu ndani."

Akaiona. Akaisogelea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Juu ya bega la Masoud vilibaki vidole vinne vyenye hina.

"Dada, vidole hivi vya nani?"

"Karatasi haikutosha," nikasema. Uongo huo, na udhu ninao.

"Karatasi haikutosha siku zile," akasema taratibu, "na tulienea sote."

Nikataka kumwambia nitarudi kwa Shaib, filamu ingalipo. Mastura akajitanda buibui lake, akavaa ndara mlangoni. Nikamwita mara mbili. Akashika njia ya stendi, wala hakugeuka.