Sura Iliyo Kwenye Jalada

Munyiva alikuwa akipiga pasi sare za shule katika kibanda chake cha ushonaji, Kangemi, wakati Lenox alipoingia bila hodi na kutupa CD juu ya meza. Jalada lake lilikuwa na picha ya Munyiva mwenyewe, kavaa kitenge cha manjano, anatabasamu.

"Mama Muindi," alimwita kwa jina la mwanawe, "umeniletea nini kwa saiba yangu?"

Lenox alikuwa jirani mwema, na saiba yake, duka la kompyuta za kukodi na intaneti, ilitazamana na kibanda hicho. Miaka hiyo watu bado walinunua nyimbo kwenye CD, na albamu ya Munyiva ya nyimbo za injili ilipotoka, Lenox ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinunua. Aliicheza kwenye kompyuta zake zote ili wateja wamsikie jirani yake.

"Imefanya nini?" Munyiva aliuliza.

"Fundi anasema ukiiweka tu, kuna programu inaingia ndani ya mashine na kujificha. Haikuulizi. Ati inazuia watu kukopi nyimbo. Sasa mashine zinazima ovyo. Tumejaribu kuitoa, zikakataa kusoma CD yoyote. Tena inatuma habari huko nje, mtu anasikiliza nini na saa ngapi!"

"Lenox, mimi niliimba tu."

"Najua. Lakini sura iliyo hapa ni ya nani?"

Munyiva aliitazama ile picha. Alishtuka kunusa kitambaa kikiungua chini ya pasi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu waliozoea kumkumbatia walimpita wakiangalia chini. Mzee mmoja wa kwaya alimwuliza, kwa upole uliomuumiza kuliko matusi, kama alijua alichokuwa akiwauzia pale mlangoni mwa kanisa. Usingizi ulianza kumpaa.

Siku mbili baadaye Mukai, mdogo wake, akampigia simu huku akilia.

Mukai alikuwa mpokea wageni katika kliniki moja ya kibinafsi kule Upper Hill. Alikuwa ameicheza CD ya dada yake kwa sauti ya chini kwenye kompyuta ya mapokezi, wagonjwa wapate kuburudika wakisubiri. Sasa fundi wa kliniki alikuwa amekuta programu iliyofichwa, na wakubwa wakaona moja kwa moja kwamba Mukai ameipandikiza ili kuiba siri za wagonjwa.

"Kesho asubuhi nifike ofisini. Polisi watakuwepo," Mukai alisema. "Nimewaambia ni nyimbo za dada yangu. Wakaniuliza, basi dada yako anafanya kazi na nani?"

 Munyiva alifunga kibanda mchana huo huo, akaenda mjini.

Kampuni iliyotoa albamu ilikuwa na ofisi ghorofani, katikati ya jiji. Meneja wake, Kimanzi, alimkaribisha kwa tabasamu, akamvutia kiti, kisha akaenda kufunga mlango. Alipogeuka, tabasamu lilikuwa bado pale pale.

"Dada yangu, wewe ni msanii. Mambo ya programu tuachie sisi. Tunalinda jasho lako."

"Mdogo wangu anaweza kufungwa kwa kuicheza kazini, kliniki."

"Hatafungwa. Ila wewe ulitia sahihi mkataba. Ukichafua jina la kampuni, tutakutana kortini." Aliinama karibu, akipunguza sauti. "Na ujiulize. Hizo CD ziliuzwa na nani kanisani? Zilifikaje kliniki? Polisi wakitaka jina, litakuwa lipi? Nenda nyumbani. Nyamaza, hii kitu itapoa."

Munyiva alishuka ngazi akishikilia ukuta. Nje, wachuuzi walikuwa wakiita wateja kama kila siku, lakini alihisi kila aliyeshika simu anamtazama yeye. Picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo ya taa. Alivuka barabara ili asipite mbele yake.

Asubuhi alifika Upper Hill kabla ya mdogo wake. Mkurugenzi wa kliniki, mama aliyeitwa Nanyama, alikuwa ameketi na fundi pamoja na afisa wa polisi aliyevaa kiraia. Munyiva alitoa mfukoni CD mpya, bado ina nailoni yake. Mukai alipoingia, alimpa aifungue.

"Iwekeni kwenye mashine nyingine," alisema. "Mashine safi, muone wenyewe. Na kama ni kuweka mtu ndani, niwekeni mimi. Huyu mwacheni."

Fundi alileta kompyuta, akaikagua mbele yao, akaingiza CD. Sauti ya Munyiva ikajaa chumba kile, inamsifu Mungu. Fundi alitafuta. Hakuona kitu. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Afisa alimtazama Munyiva kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mukai, na Munyiva akawaza kwamba amekuja kumfunga mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe.

"Ngoja," fundi alisema. Aliinama karibu na kioo. "Hii hapa. Haikuwepo, na imeingia sasa hivi. Ni ile ile."

Mukai akashika uso kwa mikono miwili. Nanyama akasema, "Mukai, mama, tumekukosea. Rudi kazini."

"Na wewe," afisa akamwuliza Munyiva, "utasema haya mbele ya watu?"

Alimkumbuka Kimanzi akifunga mlango. "Nitasema," alijibu haraka, kabla ujasiri haujamtoka.

Haikuchukua siku nyingi. Lenox na wenye saiba wenzake walikuwa wamepanga kurudisha CD kwa wenyewe, na Munyiva akaenda nao. Umati ulijaa mlangoni mwa jengo la kampuni, CD zikirundikwa, nyingine zikivunjwa kwa visigino. Alijifunika leso kichwani. Mtu akaivuta.

"Huyu ndiye mwenyewe! Huyu wa picha!"

Umati ukamgeukia. Alisukumwa hadi mgongo ukagusa ukuta, na kwa kitambo hakuona ila midomo inayopiga kelele. Lenox alijipenyeza, akasimama mbele yake, mikono ameitanua.

"Mwacheni aongee, jameni!"

"Ni mimi," Munyiva alisema, sauti ikikwaruza. "Sauti ni yangu. Kilichofichwa humo sikukiweka, wala sikuambiwa. Wameingia kwenu kwa mgongo wangu. Msiicheze tena."

Mwanamke mmoja alitema mate karibu na kiatu chake. Mwingine akamshika mkono, asiuachie. Huko juu ghorofani, pazia lilivutwa.

Baada ya magazeti na redio kulishika jambo hilo, kampuni ilizikusanya CD zote kutoka madukani, ikatoa njia ya kuiondoa ile programu, na kuomba radhi bila kumtaja mtu yeyote. Mkataba wa Munyiva ulivunjwa. Barua ya korti haikuja, lakini kwa miezi mingi kila mlango ulipobishwa alisimamisha cherehani na kusikiliza kwanza.

Siku moja, akinunua sukuma wiki sokoni Kangemi, alisikia wimbo wake kwenye redio ya muuzaji. Wanawake wawili wakaanza kuuzungumzia. Munyiva alichukua mboga zake, akaondoka upesi kabla hajasikia walichokuwa wakisema.